Povu la Shavu Moja

4 Februari

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama mdogo pia, na goti lake liwe limepoa tangu ulipotuandikia mara ya mwisho, ingawa mara ya mwisho ni mwaka juzi tulipomzika mama. Sisi tunaendelea. Mume wangu bado anachomelea mageti na macho bado yanamuuma kila jioni. Mimi bado niko kwenye chumba cha mashine nashona mashuka ya hospitali, pindo juu, pindo chini, mpaka nikifumba macho naona pindo. Paa la jikoni halivuji tena. Mbuzi wa jirani ametafuna blauzi yangu kwenye kamba, na jirani anasema nilianika vibaya.

Anayeumwa ni baba. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila wiki nilijidanganya kwamba wiki ijayo nitakuwa na habari nzuri zaidi. Mwezi wa Novemba aliamka, akashika kikombe cha chai, kikombe kikaanguka, naye akafuata. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelala, na ulimi umefunga. Lakini anasikia na anaelewa kila kitu. Ukikosea habari mbele yake anakukodolea yale macho yake unayoyajua.

Sasa hoja yangu, na usinicheke. Hataki kunyolewa. Nilimwita kinyozi wa mtaani, akageukia ukuta. Nikamwita mwingine mwenye mashine ya umeme, akaipiga teke kwa mguu mzima mpaka ikaruka mlangoni. Mume wangu alijaribu, akang'atwa. Ndevu zimejaa uji, na chini yake ngozi imetoka vidonda. Daktari anasema zisiponyolewa vidonda vitaoza, na mtu wa umri wake akianza kuoza kidevuni hatamaliza vizuri.

Wiki iliyopita akanionyesha kwa mkono wa kushoto sanduku lililo chini ya kitanda. Ndani nimekuta wembe wake wa kukunja, mkanda wa kunolea, bakuli, kopo la sabuni, na brashi ile ya singa za farasi yenye mpini mweusi. Nikafurahi, nikadhani shida imekwisha. Nikachovya, nikasugua sabuni, nikasugua tena. Hakuna povu. Maji machafu tu yakamtiririka shingoni hadi kifuani, naye akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama kuku akijaribu kuruka. Kinyozi mzima kuzaa mtoto asiyejua kutoa povu!

Wewe na baba mlikuwa na duka moja la viti viwili kabla sijazaliwa. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Nifundishe. Au, afadhali, njoo wewe mwenyewe. Sijui kwa nini, lakini nikimtazama namna anavyogeukia ukuta, naona kama kuna mkono mmoja anaoungoja.

Mimi binti yenu


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tele. Barua yako imekaa njiani siku kumi na tisa, na bahasha ilikuja na alama ya kiatu. Tunamshukuru Mungu, tunapumua. Goti la mama yako mdogo linatabiri mvua kuliko redio. Mimi bado natunza stoo ya kiwanda cha mbao: misumari, gundi, misumeno, na panya wawili ambao wana cheo kunizidi. Mgongo unalalamika, masikio yamechoka, lakini mkono bado unaandika kama unavyoona. Mama yako mdogo amekaa hapa mbele yangu anachambua maharage. Anakusalimu wewe na mumeo.

Habari ya kaka imenikata maini. Sina la kusema juu yake, basi nitasema juu ya brashi.

Kwanza, singa za farasi ni ngumu na zina kiburi. Ukiingia nazo kwa haraka zinakudharau. Loweka brashi kwenye maji ya vuguvugu muda wa kunywa kikombe cha chai, siyo maji ya moto, kwa maana ya moto huyeyusha gundi iliyoshika mizizi na utaanza kumwachia mgonjwa singa usoni. Itoe, ikung'ute mara mbili. Siyo mara tano, mara mbili. Wengi hukosea hapo, ama wanaacha maji mengi au wanaikausha kabisa.

Pili, usiisugue sabuni kama unayeosha sufuria. Zungusha ncha tu, taratibu, hesabu mpaka sitini, mpaka uone ncha zimeshika kitu kizito kama dawa ya meno. Hapo bado si povu, usishangilie. Ndipo uhamie kwenye bakuli, uzungushe, uongeze maji tone moja, uzungushe, tone lingine. Povu zuri halina mapovu makubwa ya kupasuka. Ukiinua brashi linabaki limesimama kama kofia. Likilala, rudi kwenye sabuni.

Tatu, usoni usikandamize. Paka kama unayepaka rangi mlango wa mtu anayekudai heshima, kwenda na kurudi. Ukimaliza, suuza, kung'uta, ining'inize singa zikitazama chini.

Kuhusu kuchagua kwake mtu wa kumnyoa, usishangae. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, ndivyo wahenga walivyosema, na dukani kwetu hatukuichukulia kama methali. Ilikuwa sheria. Kila asubuhi kabla ya kufungua milango mimi nilimnyoa yeye, naye alininyoa mimi. Mkono wa mtu mwingine hajauzoea.

Safari ni ndefu, mwanangu, na mgongo huu hauwezi lori. Nitaona.

Baba yako mdogo


20 Machi

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua na kwa somo, nimelisoma mpaka karatasi imelegea mikunjoni. Mume wangu anakusalimu. Amepata miwani mipya ya kuchomelea na anaivaa hata mezani. Chumba cha mashine wametupunguza, tumebaki sita. Mbuzi wa jirani ameuzwa, namshukuru Mungu kwa dogo na kubwa.

Nimefanya kama ulivyosema. Nililoweka muda wa kikombe cha chai, na chai nikainywa kweli. Nikakung'uta mara mbili. Nikahesabu sitini, na baba alikuwa anahesabu nami kwa kidole cha kushoto juu ya blanketi, nikamwona, nikapata moyo. Lakini badala ya kitu kizito kama dawa ya meno nimepata utando wa kijivu, vipandevipande, kama maziwa yaliyoganda vibaya. Nikarudi kwenye sabuni. Nikarudi tena. Mara nne. Povu lilisimama muda wa kupepesa macho, likalala.

Safari hii alikubali niendelee hivyo hivyo. Alinipa shavu. Nikamkata chini ya sikio, Baba mdogo, na mara ya pili juu ya kidonda, damu ikachanganyika na ule utando. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaacha upande mmoja umenyolewa na mwingine una ndevu, na mpaka leo yuko hivyo. Nikamfuta, nikakumbuka kwamba baba mwenyewe maisha yake yote kidevu hakikukosa kovu. Wateja walimtania, kinyozi gani huyu anayenyoa watu kama yai na yeye anatoka kama aliyepigana na paka. Alikuwa anacheka. Sasa najua ni kwa sababu hakuwa na wa kumnyoa. Wewe je, nani anakunyoa huko?

Kuna jambo jingine. Ulimi umefunguka kidogo, lakini kwa neno moja tu. Anasema "kifuniko". Asubuhi, "kifuniko". Nikimlisha, "kifuniko". Analisema huku ameniangalia machoni, kisha anangoja jibu. Nimefunika sufuria, nimefunika ndoo, nimefunika chupa ya dawa. Anatikisa kichwa. Usoni anaonekana kama mtu aliyeulizwa swali zamani na bado anatafuta jibu. Unajua lolote?

Na hukunijibu vizuri juu ya kuja. "Nitaona" ni jibu la kumpa mtoto anayetaka baiskeli. Vidonda vimeanza kunuka.

Binti yenu


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imetufikia salama, bila kiatu safari hii. Huku mvua zimeanza, mbao zote zimevimba uwanjani na milango ya stoo haifungi. Mama yako mdogo anatumia dawa mpya ya goti, chungu kama shubiri, anasema. Yuko hapa, anashona kifungo cha shati langu nikiwa nimelivaa, kwa hiyo nikiandika kombo ujue ni sindano. Anakusalimu wewe na mumeo.

Pole kwa yaliyokupata na wembe mkononi. Kila kinyozi amewahi kumkata mtu, na aliyekwambia hajakata bado hajaanza kazi.

Utando huo. Huenda brashi ina mafuta ya miaka. Iloweke kwenye maji yenye siki nusu saa, isuuze. Huenda sabuni ni ya zamani, imekufa. Nakutumia kipande kipya ndani ya gazeti, kikwangue kwa kisu kwanza ili uso wake ufunguke. Huenda unazungusha kwa bega badala ya kifundo cha mkono. Huenda bakuli ni laini mno ndani. Tumia lenye mikwaruzo, povu hupenda mahali pa kushikia. Ongeza sabuni kuliko unavyodhani inatosha. Na uvumilivu. Singa za farasi hulainika kadiri zinavyotumiwa, kama watu wengine.

Kuhusu neno lake. Nadhani ni kopo la sabuni. Sabuni ya kunyolea ikiachwa wazi hukauka na kupasuka, na kaka alikuwa mkali sana juu ya hilo. Bila shaka anakukumbusha ulifunike. Mwonyeshe kifuniko cha kopo, mfunikie mbele ya macho yake, atatulia.

Mimi hakuna anayeninyoa. Nimeacha ndevu tangu tulipohamia huku. Zimefika kifuani na panya wa stoo wananiheshimu kwa sababu yake.

Mgongo bado. Tuombeane.

Baba yako mdogo


9 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa asiye mzima. Salamu za kawaida nisamehe leo, nimezimaliza njiani.

Nilimwonyesha kifuniko cha kopo la sabuni. Nilikifungua na kukifunga mbele ya macho yake kama ulivyosema, nikamwambia, "Baba mdogo ameandika, ni hiki, sivyo?" Alikichukua kwa mkono wa kushoto. Alikitazama muda mrefu sana. Kisha akalia kwa sauti, Baba mdogo, baba yangu ambaye sikumwona akilia hata mazikoni kwa mama, na akakitupa kikagonga ukuta. Nilikaa chini sakafuni. Sijui kwa nini nilimfanyia vile, na sijui kwa nini uliniagiza nifanye.

Siku tatu baadaye akaja kumjulia hali yule mzee fundi saa, aliyekuwa na meza yake mbele ya duka lenu. Akanikuta nahangaika na bakuli. Siki nimetia, sabuni yako nimeikwangua, bega nimelituliza. Utando. Akatazama bakuli, akauliza, "Mama, unatumia maji gani?" Nikasema ya bomba, maji ni maji. Akacheka. "Maji ya mji huu ni chumvi tupu, hata ulete sabuni ya mfalme haitatoa povu. Baba yako na mdogo wake walikinga mvua. Walikuwa na pipa nyuma ya duka."

Aliposema pipa, baba alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Fundi saa akashika kofia yake. Nikamfuata mpaka barabarani na sikumwachia njia mpaka aliponiambia. Kwamba mlikuwa na mtoto, wewe na Mama mdogo. Msichana wa miaka mitatu, mlimwita Kijiko kwa sababu hakuachana na kijiko chake, alizunguka nacho dukani akichota povu kwenye mabakuli. Kwamba asubuhi moja pipa lilikuwa wazi. Kwamba baba ndiye aliyeteka maji siku hiyo. Kwamba nyinyi mlihama kabla ya mwezi kwisha, na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, na hakuna aliyenitajia.

Nimeishi miaka thelathini katika nyumba pekee mtaani isiyo na pipa. Baba alisema ni kwa ajili ya mbu. Kila jioni alizunguka akigusa vifuniko vya ndoo, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mama alikuwa akimwambia, "Vimefungwa, baba nanihii, njoo ule." Nilidhani ni tabia ya uzee. Alianza akiwa kijana.

Sasa naelewa mengine pia. Mama mdogo anatusalimu mimi na mume wangu, kila barua, na hamsalimu baba. Wewe umenifundisha brashi, sabuni, bakuli, bega, kifundo cha mkono, barua mbili nzima, na hukuandika neno moja juu ya maji yanakotoka. Kinyozi wa miaka yote ile! Uliyaruka. Ulijua, ukayaruka, kwa sababu hukuweza kuandika pipa.

Sikulaumu. Nani angeweza? Lakini nakuomba, Baba mdogo, nikipiga magoti hapa nilipo. Amezidi kudhoofika. Daktari amesema kiharusi cha pili kikija hakitamwacha. Anataka kitu kimoja tu, na hakijui jina isipokuwa kifuniko. Msamehe. Kama huwezi kuja, niandikie sentensi moja nimsomee: "Kaka yangu, nimekusamehe." Maneno matatu. Hata kama si kweli kabisa. Mwache mtu huyu afe akiwa amefunika.

Binti yenu


2 Juni

Mwanangu,

Sikuandikii nikiwa nyumbani leo. Niko stoo, nimekaa juu ya kreti ya misumari, hakuna mtu mbele yangu.

Umeniomba maneno matatu na siwezi kukupa, kwa sababu hayana pa kwenda. Kaka hana kosa. Alifunika.

Nitakueleza mara moja, sitarudia. Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu kukaa kitini kwanza. Kaka alikwenda nyuma akateka maji ya birika, nikamwona kwa macho yangu mlangoni akirudisha kifuniko cha mbao na kuweka jiwe juu yake, kama kila siku. Akanipaka povu shavu moja. Kabla hajapaka la pili mtu akamwita mbele, akatoka. Akakawia. Povu ndani ya bakuli likaanza kukauka, na mimi nikaona, badala ya kungoja, niongeze maji kidogo. Nikaenda nyuma. Nikashusha jiwe. Nikaegemeza kifuniko ukutani. Nikachota kwa kiganja. Kaka akarudi, akaita, "Kiti kimekutoroka au wewe umekitoroka?" Nikacheka, nikarudi mbio na bakuli mkononi. Nilijiambia nitafunika nikishanyolewa.

Hakumaliza hata shavu lile. Mama yako mdogo ndiye aliyemkuta. Kijiko chake kilikuwa kinaelea, kwa sababu kilikuwa cha mbao.

Watu wakajaa. Mtu akauliza kwa sauti, nani aliyeteka maji leo? Kaka akasema, "Mimi." Nilingoja aseme, "Lakini nilifunika." Hakusema. Alikuwa anakitazama kifuniko pale ukutani, na nilimwona, mwanangu, nilimwona akianza kuutilia shaka mkono wake mwenyewe. Ilichukua muda mfupi tu. Nami nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nina povu shavu moja. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ulimi haukuwepo. Siku ya pili kwa aibu. Siku ya tatu mama yako mdogo alikwisha kulitemea mate jina la kaka, na nikaona nikisema sasa nitampoteza na yeye. Baada ya hapo ni miaka thelathini na moja.

Povu lile lilinikaukia usoni mpaka jioni. Hakuna aliyelifuta. Tangu siku ile sijapakwa lingine, ndiyo sababu ya ndevu. Wenzangu hapa wananiita Nabii.

Ulipoandika kwamba anasema kifuniko nilijua siku ileile anauliza nini. Anauliza, nilifunika au sikufunika? Na mtu mmoja tu duniani anajua jibu, na mtu huyo akakwambia umwonyeshe kopo la sabuni. Sina jina la kujiita.

Nimemwambia mama yako mdogo asubuhi ya leo. Alichukua kikombe changu, akakiosha, akakikausha, akakiweka juu kabisa ya kabati mahali asipofika bila kiti. Kisha akaanza kufunga nguo zake. Nilipotoka alikuwa anakunja ya tatu.

Basi msomee kaka barua hii. Ianzie hapa kama yale ya juu yatamchosha: Kaka, ulifunika. Uliweka na jiwe. Mimi ndiye niliyeliondoa. Msomee polepole, mara tatu, mpaka uone ameelewa. Halafu umnyoe. Kinga mvua, iache ya kwanza ioshe paa, chukua itakayofuata, iache itulie. Utaona tofauti kabla hujafika thelathini.

Akikubali kuniona, niandikie neno moja, njoo. Nitapanda lori la kwanza hata likinivunja mgongo.

Mdogo wa baba yako


30 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa.

Daraja lilikatika kwenye mvua za mwisho na posta ilifungia mifuko yote wiki tatu. Barua niliyokuandikia tarehe 12 imenirudia, naiweka humu ndani, ina mistari miwili tu. Yako ilinifikia tarehe 24. Niliisoma nimesimama mbele ya dirisha la posta, watu nyuma yangu wakisukuma.

Baba alifariki tarehe 11.

Nitakueleza nami mara moja. Tarehe 9 ilinyesha mvua kubwa isiyo ya msimu. Nikatoa beseni uani, nikaacha mvua ioshe paa kwanza, si kwa sababu uliniambia, fundi saa ndiye aliyeniambia. Nikayaacha yatulie. Asubuhi yake nikaloweka brashi muda wa kikombe cha chai. Nikakung'uta mara mbili. Kabla sijafika ishirini na tano likaja, Baba mdogo, zito, jeupe, nikainua brashi na likabaki limesimama kama kofia. Nikampelekea baba bakuli alione. Akaingiza kidole ndani, akakinusa. Kisha akafumba macho, akanigeuzia uso. Nilimnyoa mashavu yote mawili, sikumkata hata pahali pamoja. Chini ya ndevu zile alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka.

Nilipokuwa namfuta akafumbua macho akasema, "Kifuniko."

Sikuwa na barua yako. Nilikuwa na ombi langu la maneno matatu, na mwezi mzima bila jibu, na mtu anayekwenda. Nikazichukua zile barua zako mbili za brashi kutoka kwenye rafu, nikafungua moja, nikajifanya nasoma. Nikamwambia, "Baba, Baba mdogo ameandika. Anasema yale ya pipa amekusamehe."

Alinitazama, akataka nirudie. Nikarudia. Mara tatu, Baba mdogo, polepole, mpaka nilipoona ameelewa. Alikuwa amekaa miaka thelathini na moja hana hakika, huenda alifunika, huenda hakufunika. Mimi nikamhakikishia. Kama mdogo wake amemsamehe, basi hakufunika. Niliiona hakika hiyo ikimwingia usoni, nikadhani ni amani.

Mama mdogo yuko hapa kwangu. Alishuka tarehe 26 na begi moja, nikampa habari, akauliza kaburi la baba liko wapi. Amekaa huko siku nzima kila siku. Hatuzungumzi juu yako. Brashi nimeisuuza, nimeining'iniza singa zikitazama chini.

Kuna kitu kimoja nilitaka kukunyima, na nimekinyima siku sita, lakini si changu. Baada ya kurudia mara ya tatu, baba alifungua kinywa na akatoa neno lingine, la pili tangu Novemba. Alisema, "Asante." Nikadhani ni kwa ajili ya kunyolewa, nikamwambia, si kitu, baba. Akatikisa kichwa kwamba hapana. Akanyoosha kidole kwenye karatasi niliyoshika, yenye mwandiko wako, akasema tena.

Ilikuwa yako. Ipokee.